Tui la Pili

Usiku wa tatu wa dayati yangu ya kwanza nilikaa jikoni mbele ya sahani ya kabichi la kuchemsha, tango na yai moja. Nje, hatua chache kutoka getini kwetu hapa Temeke, kijana wa chipsi alikuwa anamimina mayai juu ya viazi, na mlio wa kikaango chake ulifika mpaka nilipokaa. Kabichi nililila lote. Nusu saa baadaye nilikuwa nimesimama pale kibandani, chipsi mayai mkononi, nakula haraka kama mtu anayefukuzwa, kisha nikarudi nyumbani na huzuni ambayo sikuweza kumweleza mtu. Nilikuwa na kilo 92, presha imeanza kupanda, na daktari alishanieleza kwa upole kwamba uzito lazima ushuke. Nilitaka kumtii kwa moyo wangu wote. Kilichoniangusha ni kwamba niliianza ile dayati kwa kukitangazia vita kila chakula nilichokipenda tangu utotoni.

Wengi wamenisimulia habari hiyohiyo tangu hapo. Wiki mbili za matango na maji ya limao, kisha harusi moja au msiba mmoja, na kila kitu kinarudi, pengine na kilo mbili za nyongeza. Mimi nimeshusha kilo 11 kwa miezi 14. Ni pole pole, na haikunilazimu kuacha chipsi mayai, maharage ya nazi, chapati wala pilau. Nilijifunza kuvipika nyumbani kwa namna nyingine, na jambo lililonifungua macho ni dogo: katika kila chakula tunachokililia kuna kitu kimoja kinachotuita. Kwenye chipsi ni ule ukavu wa nje unaolia ukiuma. Kwenye maharage ya nazi ni ulaini wa mchuzi. Pilau ni harufu. Kitumbua ni iliki na ule ukingo uliokaukia kwenye chuma. Kitafute kitu hicho kabla hujapunguza chochote, na ukishakijua usikiguse. Mengine yanayokizunguka yanaweza kupungua sana bila ulimi kudai.

Tuanze na mafuta, maana hapo ndipo penye mzigo. Gramu moja ya mafuta inaupa mwili kalori 9, wakati gramu moja ya wanga, sukari au protini inatoa 4. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina kalori 120 hivi, nazo zinazidi zile za nusu kikombe cha wali uliopikwa. Hebu fikiria: hakuna anayeongezewa nusu kikombe cha wali kwenye sahani asione, lakini mafuta tunayamimina kutoka kwenye dumu kwa kukadiria, mkono ukiinama kidogo tu vijiko vitatu vimeshaingia. Na hili halibadiliki kwa aina ya mafuta. Ya alizeti, ya mawese, ya zeituni, yote yanalingana kwa kalori. Kwa moyo na mishipa yako yanatofautiana, na samli au mawese kila siku si jambo la kuzoea, ila anayenunua mafuta ya bei kubwa akiamini yatampunguza uzito anapoteza hela yake. Kifaa cha kwanza cha kazi hii ni kijiko cha chakula kilichowekwa kando ya dumu. Kama unaweza, ongeza brashi ndogo ya kupakia. Mengine utayakuta humohumo jikoni kwako.

Sasa chipsi, kwa sababu ndizo zilizonishinda.

Siku moja niliamua kupima. Nilimenya nusu kilo ya viazi, nikamimina mafuta mililita 500 kwenye kikaango kirefu, nikakaanga kama kawaida. Mafuta yalipopoa niliyachuja na kuyarudisha kwenye kikombe cha kipimo. Yalikuwa 450. Mililita 50 zilikuwa zimekwenda, karibu zote ndani ya viazi, na hizo ni kalori zinazopita 400 kabla sijagusa yai. Nilikaa nikakiangalia kile kikombe kwa muda. Halafu nikaanza kujiuliza mafuta yanaingiaje, na jibu lake limenifaa kuliko ushauri wote niliowahi kupewa. Kiazi kikiwa ndani ya mafuta yanayochemka, maji yake yanageuka mvuke na kutoka kwa nguvu. Lile povu unaloliona ndio mvuke wenyewe, na mvuke unaotoka unayazuia mafuta kuingia. Ukikiopoa, kinaanza kupoa, mvuke wa ndani unanywea, na mafuta yaliyobaki juu ya ganda yanavutwa ndani. Sehemu kubwa ya mafuta inaingia wakati huo, chipsi zikiwa tayari ziko kwenye chujio zinakusubiri. Kwa hiyo hata siku unayokaanga kweli, zikung'ute palepale juu ya kikaango, uzimwage kwenye karatasi safi inayonyonya na kuzipangusa juu ndani ya dakika ile ya kwanza. Ukingoja zipoe umechelewa.

Chipsi zangu za siku za kawaida hazikaangwi. Nakata viazi vipande vya unene wa kidole cha mwisho, naviloweka kwenye maji baridi nusu saa ili wanga wa juu utoke, nabadilisha maji, kisha navichemsha dakika tano au sita kwa chumvi kidogo na kijiko cha siki. Siki ndiyo inayovishika visivunjike. Navimwaga kwenye chujio na kuviacha vitoe mvuke mpaka juu pawe pakavu na pameanza kuwa na ungaunga. Hapo usiwe na haraka. Ukavu ule ndio utakaolia mdomoni baadaye, na kiazi chenye maji juu hakikauki hata ukikipa moto wa namna gani. Kisha kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kwa nusu kilo nzima, navipindua kwa mkono mpaka kila kipande king'ae, navipanga kwenye sinia la oveni bila kubebana, nyuzi 220, dakika 35, nikigeuza mara moja katikati. Wenye kile kikaangio cha umeme kinachozungusha hewa ya moto watapata vizuri zaidi na kwa muda mfupi. Asiye na oveni wala umeme wa kutosha atumie kikaango kipana kisichoshika, nusu ya viazi kwa nusu ya kijiko cha mafuta, safu moja tu, moto wa wastani, avigeuze upande kwa upande. Vinachukua muda, lakini vinakauka.

Yanayofuata ni mayai. Nayapiga mawili na kitunguu kilichokatwa vidogo, hoho na chumvi ya ncha ya kisu. Napaka kikaango kwa kijiko cha chai cha mafuta, napanga viazi, namimina mayai, nafunika, moto mdogo. Nageuza kwa kusaidiwa na sahani. Kachumbari inayokaa pembeni iwe nyingi kuliko ilivyo kibandani, bakuli zima: nyanya, kitunguu kilichooshwa kwa chumvi, tango, pilipili na ndimu ya kutosha. Tomato ya chupa naiweka kidogo kwa sababu ina sukari, na ndimu inafanya kazi yake vizuri. Chipsi mayai hizi zinalisha watu wawili. Sitasema ni zilezile za kibandani. Zile zina moshi wa mkaa na usiku wa barabarani, na mara moja moja ninakwenda kuzila kwa furaha, nikimwambia kijana azikung'ute vizuri.

Maharage ya nazi yana hadithi yake. Mama yangu ni mtu wa Tanga, na kwake maharage yasiyo na nazi ni chakula cha mgonjwa. Nazi mbili kwa sufuria moja, tui la kwanza lote ndani, mpaka mchuzi unang'aa. Theluthi moja ya uzito wa nyama ya nazi ni mafuta, na kikombe kimoja cha tui zito, lile kasimile, kinapita kalori 500. Nilijaribu kwanza kuiacha nazi kabisa nikaweka nyanya na mafuta kidogo. Nilikula siku mbili, ya tatu nikawapa watoto. Ni maharage mazuri kwa anayeyapenda hivyo, ila hayakuwa yale ya kwetu, na mwili unajua.

Ndipo nikaanza kuliangalia tui lenyewe. Tui la kwanza ndilo lenye harufu na uzito. La pili na la tatu, baada ya kumwagia chicha maji ya uvuguvugu na kukamua tena, yana utamu wa nazi na mafuta machache. Wapishi wa zamani walilijua hili. Tui jepesi ndilo la kuivishia, zito linaingia mwishoni. Kilichotuharibu ni haraka, tukaanza kumwaga pakiti au kopo zima kwa pamoja. Basi sasa nakuna nazi moja siku ya Jumamosi, nakamua kasimile, naligandisha kwenye trei ya barafu ya friji, kila kijumba kinachukua kama vijiko viwili. Chicha nalikamua mara mbili zaidi, na tui hilo ndilo linaloivisha.

Maharage nimeyaloweka usiku na kuyachemsha kwa maji mapya mpaka yanapondeka kwa vidole. Namimina tui la pili, kitunguu, nyanya moja, kitunguu saumu, binzari kidogo na pilipili mbuzi nzima isiyopasuliwa. Yakishachemka pamoja kwa robo saa, nachota upawa mmoja wa maharage, nayaponda kwa mgongo wa upawa kwenye ubavu wa sufuria na kuyarudisha. Hapa ndipo siri ilipo. Ule uzito niliodhani unatoka kwenye nazi peke yake, nusu yake unatoka kwenye maharage yaliyopondeka. Mchuzi unashika palepale, unakuwa mzito na laini. Dakika tatu za mwisho naweka vijumba viwili vya kasimile, yaani vijiko vinne, nakoroga kwa upande mmoja, naacha litokote mara moja tu na kuepua. Tui zito likichemka sana linatoa mafuta na harufu inapotea. Likiingia mwishoni harufu inabaki juu, na pua inakutana nayo kabla ya ulimi. Vijiko vinne vina kalori kama 135. Gawa kwa watu watano wa nyumbani kwangu, ni 27 kwa kila mmoja, ukiacha yale machache ya tui la pili.

Mama alipokuja mwezi wa Ramadhani nilimpakulia bila kusema neno. Alikula, akaomba aongezewe, kisha akaniuliza, "Mwanangu, nazi ya wapi hii?" Nilimwambia ya sokoni, mama, vijiko vinne. Alikaa kimya, akachota tena kwa kijiko akauangalia mchuzi ukishuka. Njia hiyohiyo inafaa kwa mihogo ya nazi, magimbi na samaki wa kupaka. Kwa mihogo na magimbi, ponda kipande kimoja kilichoiva ndani ya mchuzi. Kwa samaki, mchuzi wa tui jepesi ukolezwe na kijiko cha unga wa mchele uliokorogwa kwa maji baridi.

Kwenye chapati tunakosea mahali pengine. Tunaamini mafuta ndiyo yanayolainisha, kwa hiyo tunayaweka kwenye unga, tukizungusha, na tukichoma. Kilo moja ya unga ikitoa chapati 15 na ukamaliza mililita 300 za mafuta, kila chapati imebeba mililita 20, na hizo ni kalori kama 165 juu ya za unga wenyewe. Lakini chapati inalainishwa na maji ya moto, kukandwa vya kutosha na kupumzishwa. Kanda unga kwa maji ya moto unayoweza kuyavumilia, uwe laini hadi unakaribia kunata, ufunike kwa kitambaa kibichi saa nzima. Unaposukuma, paka ndani kijiko kimoja cha chai cha mafuta kwa brashi, kunja, zungusha, pumzisha tena dakika kumi. Choma kavu pande zote mbili kwanza, kisha paka nusu kijiko cha chai kwa pande zote. Zikitoka motoni zipange moja juu ya nyingine ndani ya hotpoti, umezizungushia kitambaa. Mvuke wao wenyewe unamalizia kazi. Mafuta yameshuka kutoka mililita 20 mpaka 7 na nusu, na matabaka bado yanafunguka. Unga wa ngano nzima ukichanganywa nusu kwa nusu unashibisha zaidi. Ukiutumia peke yake chapati inakuwa ngumu, na watoto wangu hawakuipokea.

Pilau mimi siichezei. Sitaki njegere nyingi na karoti zilizojaa ndani ili kupunguza mchele, wala sitaki ule mchele wa koliflawa unaosifiwa sana siku hizi. Pilau ni harufu ya vitunguu vilivyoungua kidogo, bizari nyembamba, mdalasini, karafuu, iliki, pilipili manga na supu ya nyama. Vitu hivyo havina kalori za kuogopa. Chemsha nyama jana yake, weka supu kwenye friji usiku kucha, asubuhi utakuta mafuta yameganda juu kama ganda jeupe. Yainue kwa kijiko uyatoe. Mimi hutoa mpaka vijiko vinne kwenye kilo ya nyama ya ng'ombe yenye mifupa. Vitunguu vya kahawia navianza kwa vijiko viwili vya mafuta, chumvi kidogo na mfuniko, na kila vikitaka kushika namwaga kijiko cha maji, nakwangua ile rangi iliyoshika chini na kuirudisha. Vinachukua dakika 20 au zaidi, navyo vinatoa rangi nzuri bila kuogelea kwenye mafuta. Viungo vyote naviponda siku hiyohiyo kwenye kinu na kuviweka kwenye yale mafuta machache kwa dakika moja kabla ya supu, kwa sababu harufu ya viungo inafunguka ndani ya mafuta kuliko ndani ya maji. Kinachobaki ni sahani. Kikombe kimoja cha pilau, vipande viwili vya nyama na bakuli la kachumbari ni mlo kamili.

Maandazi je? Nimeyaoka mara nne, kwa maziwa, kwa tui, kwa mtindi, nyuzi 190, nyuzi 200. Yanatoka mazuri, yamechanua, yana iliki. Lakini andazi lililookwa ni skonsi, na anayetamani andazi akila skonsi atakula tatu kisha atalitafuta andazi. Ushauri wangu ni uliache andazi liwe andazi. Likaange mara moja kwa wiki, siku unayoijua, unga usiwe na sukari wala mafuta mengi maana hivyo vinalifanya linywe zaidi, na mafuta yawe ya moto sawasawa: kipande cha unga ukikidondosha kiibuke juu mara moja kikiwa kimezungukwa na povu. Mafuta ya uvuguvugu ndiyo yanayolijaza andazi. Kula mawili ya moto pamoja na chai, yanayobaki yafike kwa watu wengine siku hiyohiyo. Sambusa ni kinyume chake. Manda ni nyembamba, inakauka vizuri bila kukaangwa, na sambusa iliyopakwa mafuta kwa brashi na kuokwa nyuzi 200 kwa dakika 15 hadi 20 inakatika mdomoni ipasavyo. Nyama ya kusaga ndani yake iwe isiyo na mafuta, umeikausha kwa ndimu, tangawizi, pilipili na kotmiri nyingi.

Hapo naikumbuka futari, kwa sababu wengi tunashangaa kuongezeka uzito mwezi tunaofunga. Meza moja ina sambusa, bagia, kachori, kalimati za shira, tambi za sukari, mihogo ya nazi na juisi yenye sukari, vyote ndani ya nusu saa, na tumbo lilikuwa tupu tangu alfajiri. Nyumbani kwetu tumekubaliana kitu kimoja cha kukaanga kwa jioni moja, na kitu kimoja cha nazi. Leo kalimati, kesho bagia. Uji wa pilipili manga unatangulia, tunaswali, ndipo tunarudi mezani, na mara nyingi tunarudi na njaa ya kawaida. Hatukupoteza chakula chochote, tumekigawa tu ndani ya siku 30.

Kuna mzigo mwingine unaopita kimya kimya, nao ni chai. Vijiko vitatu vya chai vya sukari kwa kikombe, vikombe vinne kwa siku, ni gramu 48. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unasema sukari ya kuongeza isifike asilimia 10 ya nishati ya siku, na kwa mtu anayekula kalori 2,000 hiyo ni gramu 50, huku ikiwa bora zaidi ukishuka mpaka 25. Kwa hiyo chai peke yake imekaribia kumaliza fungu lote. Usiikate ghafla. Punguza nusu kijiko kila baada ya wiki mbili, na uongeze iliki, mdalasini na tangawizi iliyopondwa, ichemke vizuri. Mimi nilianza na vitatu, sasa naweka kimoja, na chai ya zamani ikinikuta ugenini naiona kama shira.

Tahadhari ndogo kuhusu chumvi. Ukipunguza mafuta, mkono unakimbilia chumvi na vile vidonge vya kukolezea mchuzi ili kuziba pengo, na mwenye presha anajidhuru akidhani anajitibu. Gramu 5 za chumvi, yaani pungufu kidogo ya kijiko kimoja cha chai, ndicho kikomo cha siku nzima kwa mtu mzima, pamoja na ile iliyomo kwenye mkate na vidonge vyenyewe. Pengo lizibwe na uchachu: ndimu, ukwaju, embe bichi, siki. Mchuzi unaoonekana umepooza mara nyingi unadai ndimu.

Na usiwapikie watoto wadogo chakula chako cha dayati. Mtoto chini ya miaka miwili anahitaji mafuta ili akue, kwa hiyo kile kijumba cha kasimile kiwekwe kwenye bakuli lake. Mjamzito na anayenyonyesha wasianze kupunguza chakula bila kumwona mhudumu wa afya. Anayechoma insulini au kumeza vidonge vya kushusha sukari azungumze na daktari wake kabla ya kupunguza wali na chapati, maana dozi ileile juu ya chakula kidogo inaweza kuishusha sukari mpaka akaanguka.

Jikoni kwako utaweza. Ugumu unakuja ugenini. Kwetu chakula ni heshima, na kumwambia shangazi aliyeamka alfajiri kukupikia biriani kwamba wewe uko dayati ni kumrudishia mkono wake. Nimejaribu kukataa, nimejaribu kueleza, vyote vimeumiza watu ninaowapenda. Kinachofaa ni kupakua kidogo sana mara ya kwanza, vijiko vinne hivi vya wali na kachumbari tele, kula taratibu na kusifu kwa moyo, kisha shangazi akisema ongeza, unaongeza kweli. Anakuona umekula mara mbili na moyo wake unatulia. Kwenye sinia la pamoja, kula upande wako, tangulia na mboga na nyama, na uendelee kuzungumza na wenzako. Nyumbani usitangaze dayati. Pika sufuria moja kwa wote. Mume wangu alikula maharage yale miezi mitatu kabla hajajua kuna kilichobadilika, na kipimo chake cha suruali kilipopungua ndipo akauliza.

Nimalizie na vitumbua, ambavyo navipika kila Jumapili asubuhi na sijawahi kuviacha. Vikombe viwili vya mchele nimeviloweka tangu jana usiku. Navisaga na kikombe kimoja cha tui la pili na vijumba viwili vya kasimile, robo kikombe cha sukari badala ya kile kikombe karibu kizima cha zamani, kijiko cha chai cha hamira, na iliki punje kumi nilizozimenya na kuziponda mwenyewe. Iliki ikiwa ya jana au ya pakiti, upungufu wa sukari utaonekana. Ikiwa mbichi, hauonekani. Unga ukishaumuka na kutoa vijitundu juu, naweka chuma motoni. Chuma changu ni cha zamani, cheusi, kimezoea mafuta, na ndiyo maana hakishiki. Vijiko viwili vya mafuta viko kwenye kikombe pembeni, nachovya brashi, napaka kila kishimo mpaka ukingoni, namimina, nafunika. Ukingo ukigeuka kahawia nageuza kwa kijiti na kupaka tena kidogo. Vinatoka kama 24, na mafuta ya kikombeni mara nyingi yanabaki. Vitatu ni vyangu, wengine wanachukua vitatu vitatu, na vilivyobaki naviweka kwenye sahani na kuvifunika kwa kawa, mwanangu wa mwisho anavipeleka kwa jirani vikiwa bado vya moto, kabla sijakaa kunywa chai.